Mto, Pua na Kitenzi Kimoja: Maandiko ya Kisanskriti Yanashuhudia Nini Kuhusu Watu wa Kale

Ndugu walimu, wanafunzi, wazee wetu mliojitokeza, na nyote mnaoipenda historia, habari za jioni.

Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari yake ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Ndani yake mna ramani ya ajabu. Haikuchorwa na mtu aliyefika Unyamwezi wala Buganda. Ilichorwa India na afisa wa jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki aliyeitwa Francis Wilford, kutokana na vitabu vya Kihindu viitwavyo Purana, na Speke alipewa na Kanali Rigby, balozi mdogo wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar. Ramani ile inaonyesha Nile ikitoka katika ziwa la Amara, jirani na nchi ya Mwezi. Speke aliona kwamba jina Amara linafanana na jina la nchi iliyo kaskazini-mashariki mwa Nyanza, akahitimisha kwamba Wahindu wa kale walikuwa na mawasiliano na pande zote mbili za ziwa hilo.

Sasa sikilizeni. Miaka 58 kabla ya kitabu hicho, mwaka 1805, Wilford mwenyewe alikuwa ameshaungama katika jarida la wanazuoni wa Calcutta kwamba alidanganywa. Pandit, yaani mwanazuoni wa Kihindu, aliyemwajiri amsomee vitabu alikuwa akifuta majina katika nakala na kuandika mengine, tena akitunga beti mpya, ili bwana wake apate alichokitaka. Na bwana wake alikuwa amemweleza waziwazi anachokitaka: Misri, Nuhu na wanawe, mto Nile. Ungamo lilichapishwa, likakaa rafuni, na uongo ukaendelea na safari mpaka ukafika kwetu.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, kinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Pili, kinaonyesha ugonjwa ambao usomaji wa Kisanskriti, lugha takatifu ya kale ya India, kama ushahidi wa historia haujapona hadi leo. Wilford alikwenda kwenye vitabu na jibu mkononi. Ninachotaka kukitetea jioni hii ni kwamba maandiko ya kale ya Kisanskriti ni shahidi mkubwa kuhusu watu wa kale na mienendo yao, lakini ushahidi wake wenye thamani ni ule unaoponyoka wakati mtunzi anashughulika na jambo lingine. Ukimsikiliza mtunzi akimwomba mungu mvua, utajifunza aliishi wapi, alilima nini na jirani yake ni nani. Ukimlazimisha akujibu nani mwenye nchi, au nani mweupe na nani mweusi, atakurudishia sauti yako mwenyewe.

Tuanze na Rigveda, mkusanyo wa nyimbo za kuisifu miungu, kwa kuwa ndiyo kongwe kuliko vyote. Ina nyimbo 1,028 katika vitabu kumi. Wanazuoni wengi huiweka kati ya mwaka 1500 na 1000 kabla ya Kristo, katika eneo ambalo leo ni kaskazini mwa Pakistan, kaskazini-magharibi mwa India na ukingo wa mashariki wa Afghanistan. Tunaiita maandiko kwa mazoea, lakini kwa zaidi ya miaka elfu moja haikuandikwa popote. Ilikaa vichwani. Katika mkusanyo wa nakala 30 za Rigveda ulioko Taasisi ya Bhandarkar mjini Pune, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2007, nakala kongwe ni ya mwaka 1464 baada ya Kristo.

Mtu wa leo aliyezoea karatasi husikia hivyo akakata tamaa. Asikate. Wanafunzi wa Veda, yaani Rigveda na vitabu vitakatifu vya aina yake, walikariri kwa namna ambayo sijaona mfano wake. Ubeti ulisomwa mzima, kisha ukasomwa neno moja moja, kisha maneno mawili mawili kwa kupishana, kisha mbele na nyuma: la kwanza na la pili, la pili na la kwanza, la kwanza na la pili na la tatu, kisha kurudi kinyumenyume, hadi mwisho wa wimbo. Anayekosea silabi hujulikana papo hapo. Kwa njia hii hata mpando na mshuko wa sauti ulihifadhiwa. Wanaisimu huichukulia Rigveda karibu kama kaseti iliyorekodiwa miaka elfu tatu iliyopita.

Kilichohifadhiwa lakini ni sauti. Maana ilianza kufifia mapema. Yaska, mwanafasiri aliyeishi karne kadhaa kabla ya Kristo, anamtaja mtu aitwaye Kautsa aliyeshikilia kwamba nyimbo za Veda hazina maana yoyote! Yaska alimpinga, lakini fikirini: tayari zamani zile kulikuwa na watu waliojua kila silabi na hawakujua inasema nini. Anayezitumia nyimbo hizi kama ushahidi akumbuke kila mara tofauti hiyo.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa mito. Katika kitabu cha kumi kuna wimbo wa 75 unaoisifu mito kwa majina. Unaanzia mashariki: Ganga, Yamuna, Sarasvati, Shutudri ambao leo ni Sutlej, Parushni ambao ni Ravi, Asikni ambao ni Chenab, Vitasta ambao ni Jhelum. Kisha unavuka Sindhu, yaani Indus, na kutaja mito inayoshuka kutoka milima ya Afghanistan: Kubha, ambao ndio mto Kabul, Gomati na Krumu. Mtunzi hakukusudia kutuchorea ramani. Alikuwa anausifu Sindhu kuliko mito mingine. Lakini ametupa mipaka ya dunia aliyoijua, kwa mpangilio, kutoka mashariki kwenda magharibi.

Na katika vitabu vile ambavyo wanazuoni huviona vya kale zaidi, vya pili hadi cha saba, ambavyo kila kimoja ni urithi wa ukoo mmoja wa watunzi, Ganga ni nadra sana, na mito ya magharibi na ya Punjab ndiyo inayotajwa kwa mazoea. Baadaye, katika maandiko yaliyofuata Rigveda, kitovu kinahamia Kuru na Panchala, eneo la Delhi na bonde la juu la Ganga, kisha mashariki zaidi. Huu ni mwendo, na unaonekana bila mtunzi hata mmoja kuutangaza.

Kuna wimbo katika kitabu cha tatu, wa 33, ambamo mtunzi Vishvamitra anazungumza na mito miwili, Vipash na Shutudri. Amefika na kundi la Wabharata, wana mikokoteni na magari, na maji yamejaa. Anaibembeleza mito ishuke chini ya ekseli za magari ili watu wavuke. Mito inakataa kwanza, inajisifu, inakumbusha kwamba mungu Indra ndiye aliyeichimbia njia. Mwishoni inakubali. Mara ngapi historia imetuachia sauti ya watu walio katikati ya kuvuka mto? Wimbo huu hautuambii Wabharata walitoka bara gani. Unatuambia kwamba walikuwa watu wa kuhama na mifugo na magari, wenye viongozi, na wenye mshairi ambaye kazi yake ilikuwa kuufungua mto kwa maneno.

Mto mmoja umeleta ugomvi mkubwa, nao ni Sarasvati. Rigveda inausifu kama mto mkuu unaotoka milimani kwenda *samudra*, neno ambalo wengine hulisoma bahari na wengine mkusanyiko wowote mkubwa wa maji. Wapo wanaoutambua kama mkondo wa Ghaggar na Hakra, ambao leo una maji wakati wa mvua tu, na husema: kama mtunzi aliuona ukiwa umejaa, basi nyimbo ni za kale sana, za kabla ya miji ya kale ya Harappa katika bonde la Indus. Lakini utafiti wa mashapo uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mto Sutlej, ambao ndio ungeulisha mkondo huo kwa maji ya theluji, ulihama takribani miaka 8,000 iliyopita. Tena Avesta, kitabu kitakatifu cha Wairani wa kale, kina jina hilohilo kwa matamshi yao, Haraxvaiti, likiwa ni la nchi ya Arghandab kusini mwa Afghanistan. Watu wanaohama huhama na majina ya mito yao. Ushairi wa sifa nao hukuza. Mimi sitathubutu kupanga tarehe ya Rigveda kwa sifa za mto mmoja.

Niseme pia neno kuhusu ukimya. Rigveda inajua shayiri, haitaji mpunga. Inamjua simba, haimtaji chui milia. Haitaji maisha ya miji mikubwa ya matofali yenye mifereji na mizani, kama ilivyokuwa Harappa na Mohenjo-daro kati ya 2600 na 1900 kabla ya Kristo. Mpunga na chui milia wanajitokeza katika Atharvaveda, ambayo ni ya baadaye na ya mashariki zaidi. Ukimya huu ukiunganishwa na ushahidi wa mito una uzito. Ukisimama peke yake ni hatari. Rigveda haitaji hata chumvi, na Punjab ina safu nzima ya milima ya chumvi. Hakuna atakayesema watu wale hawakuionja.

Sasa nifike kwenye pua, mahali ambapo moyo wangu huwaka.

Katika kitabu cha tano, wimbo wa 29, ubeti wa 10, Indra anasifiwa kwa kuwapiga Wadasyu, maadui, ambao wanaitwa *anās*. Neno hilo linatokea mara moja tu katika Rigveda nzima. Sayana, mfafanuzi mkubwa wa karne ya 14 katika dola ya Vijayanagara, alilikata *an-ās*: wasio na kinywa, yaani watu ambao usemi wao haueleweki. Max Müller, aliyeichapisha Rigveda na ufafanuzi huo wa Sayana kati ya 1849 na 1874, alilikata mahali pengine, *a-nās*: wasio na pua. Kwa hiyo kisu kikisogea herufi moja, mgeni wa lugha anageuka kuwa mtu wa pua bapa.

Akaja Herbert Risley, afisa wa kikoloni aliyekuwa akiwapima Wahindi pua na kuwapanga kwa vipimo hivyo. Mwaka 1891 aliandika kwamba mtu hawezi kupitia simulizi za Veda bila kushangazwa na jinsi pua za wenyeji zinavyotajwa mara kwa mara. Mara kwa mara! Neno moja, lenye usomaji wa kubishaniwa, mahali pamoja. Mwaka 1901 Risley ndiye aliyesimamia sensa ya India nzima, na nadharia ya Waarya, yaani watunzi wa Veda na watu wao, kuwa weupe waliowashinda weusi wenye pua pana ikaingia katika vitabu vya shule. Max Müller mwenyewe alikuwa amekwisha onya mwaka 1888 kwamba mwanasayansi anayesema habari za damu ya Kiarya, macho ya Kiarya na nywele za Kiarya anakosea sawa na mwanaisimu ambaye angesema habari za kamusi yenye kichwa kirefu. Hakusikilizwa.

Wenzetu wa Rwanda na Burundi hawahitaji kuelezwa pua iliyopimwa na rula ya mkoloni ilizaa nini. Na yule Speke tuliyeanza naye, katika kitabu kilekile, aliandika kwamba watawala wa maeneo ya maziwa makuu walikuwa kabila bora lililotoka Uhabeshi na kuwashinda wenyeji duni. Ni mchezo uleule: chukua simulizi, tia ndani yake mshindi mweupe na mshindwa mweusi, kisha uite historia.

Rigveda yenyewe inasemaje? Katika kitabu cha saba kuna vita vya wafalme kumi, vilivyopiganwa kwenye mto Parushni, ambapo mfalme Sudas wa Wabharata alishinda na maadui zake wakazama. Wimbo wa 83 wa kitabu hicho unawaomba miungu Indra na Varuna wawapige maadui wa Sudas, Wadasa, ambalo ni jina jingine la maadui wa Waarya, na Waarya pia. Waarya wako pande zote mbili. Katika kitabu cha nane mtunzi mmoja anashukuru kwa zawadi aliyoipata kwa Balbutha Taruksha, ambaye anatajwa wazi kuwa Mdasa, na jina lake halina sura ya Kisanskriti. Kwa hiyo Mdasa anaweza kuwa tajiri anayelipa mshairi wa Kiarya. Mpaka uliokuwapo ulikuwa wa lugha, ibada na ufadhili, na watu waliuvuka.

Hadithi haikuishia kwa Risley. Mwaka 1946 Mortimer Wheeler, mkuu wa idara ya akiolojia ya India, alichimba Harappa akakuta ukuta mnene wa ulinzi. Akakumbuka kwamba Indra anaitwa Purandara, mvunja *pur*, akatafsiri *pur* kuwa ngome, akaunganisha na mifupa ya watu iliyokutwa Mohenjo-daro, na mwaka uliofuata akaandika kwamba kwa ushahidi wa mazingira Indra anasimama kizimbani. Sentensi nzuri sana. Ilikosea. Mwaka 1964 George Dales alionyesha kwamba ile mifupa, ya watu wapatao 37, haikuwa ya mauaji ya siku moja. Mingi ilikuwa imezikwa ovyo katika nyakati tofauti, bila silaha wala dalili za jiji kuchomwa. Wachunguzi wa mifupa baadaye hawakukuta majeraha ya kutosha kuita vita. Mwaka 1976 Wilhelm Rau alipitia kila mahali neno *pur* linapotajwa katika Veda, akakuta ni uzio wa udongo na miti, wa muda, wa kujikinga watu na ng'ombe. Sisi tungesema boma. Miji ya Harappa ilianza kufifia karibu 1900 kabla ya Kristo, mvua za msimu zikipungua na watu wakitawanyika vijijini, karne kadhaa kabla ya tarehe ya nyimbo zenyewe.

Je, basi hakukuwa na wahamiaji? Walikuwapo, na ushahidi mzito unatoka kwenye lugha. Mwaka 1786, William Jones alisimama mbele ya chama cha wanazuoni cha Calcutta akasema Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana mno kiasi kwamba lazima vimetoka kwenye chemchemi moja, ambayo pengine haipo tena. Tangu hapo undugu huo umethibitishwa sauti kwa sauti. Lugha hazitembei peke yake. Mahali fulani kuna watu waliozibeba.

Na tuna alama za njiani, mbali kabisa na India. Katika hifadhi ya mabamba ya udongo ya Hattusa, nchini Uturuki, kuna mkataba wa karne ya 14 kabla ya Kristo kati ya mfalme Mhiti Suppiluliuma na Shattiwaza wa Mitanni, ufalme uliokuwa kaskazini mwa Syria. Kati ya miungu wanaoapiwa wamo Mitra, Varuna, Indra na Nasatya, miungu wa Rigveda. Katika hifadhi hiyohiyo kuna mwongozo wa kufundisha farasi ulioandikwa na Kikkuli wa Mitanni, na mizunguko ya farasi uwanjani inahesabiwa *aika, tera, panza, satta*: moja, tatu, tano, saba. Ile *aika* ni ya tawi la Kisanskriti, ambalo husema *eka*. Tawi la Kiirani lingesema *aiva*. Kikkuli alikuwa anafikiria farasi wake tu. Hakujua kwamba anatuachia cheti cha kwanza kilichoandikwa cha lugha hiyo, na kwamba cheti kitapatikana nchini Uturuki.

Ndani ya Rigveda yenyewe kuna alama ya upande wa pili, ya watu waliokutwa. Mwanaisimu Mholanzi F.B.J. Kuiper aliorodhesha mwaka 1991 maneno 383 ya Rigveda ambayo umbo lake si la asili ya Kihindi-Kiulaya, yaani familia ile ya Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini, kiasi cha asilimia nne ya msamiati. Si kila neno limekubaliwa, lakini mwelekeo ni wazi: mengi ni ya kilimo, ya mimea, ya maisha ya kijijini. Plau inaitwa *lāngala*. Tazameni jambo hili kwa makini. Watunzi wanaojisifu kwa farasi na vita walijifunza majina ya zana za shamba kwa watu ambao hawakuwaimbia wimbo hata mmoja. Wale wakulima tunawasikia humo tu, katika maneno waliyowapa wengine. Kwangu mimi huu ni ushahidi wa watu wa kale wenye nguvu kuliko vita vyote vya Indra.

Kuna kisa kimoja ambacho mwalimu yeyote wa historia angekipenda. Kiko katika Shatapatha Brahmana, kitabu cha maelezo ya ibada, pengine cha karne ya nane hadi ya sita kabla ya Kristo. Mfalme Videgha Mathava alikuwa amembeba Agni, mungu wa moto, kinywani mwake. Kuhani wake, Gotama Rahugana, alimsemesha naye hakujibu, akiogopa moto usimtoke. Kuhani akaanza kukariri nyimbo za moto. Kimya. Akafika kwenye ubeti wenye neno samli. Kusikia samli tu, Agni akalipuka, akamtoka mfalme kinywani, akaanguka chini. Walikuwa kwenye mto Sarasvati. Kutoka hapo moto ukaenda ukiunguza nchi kuelekea mashariki, mfalme na kuhani wakiufuata nyuma, ukakausha mito yote, mpaka mto Sadanira unaoshuka kutoka milima ya kaskazini. Huo haukuuunguza. Mfalme akauliza, "Nami nikae wapi?" Agni akajibu, "Mashariki ya mto huu." Na kitabu kinaongeza: zamani Mabrahmani, yaani makuhani, hawakuuvuka, nchi ya ng'ambo ilikuwa chepechepe na isiyolimwa, lakini siku hizi Mabrahmani wengi wako huko, na nchi inalimwa. Sadanira huo ndio mpaka wa Kosala na Videha.

Sadanira hutambuliwa kuwa mto Gandak wa leo, na Videha ni kaskazini mwa Bihar. Wanahistoria wa kwanza walikisoma kisa hiki kama kumbukumbu ya wahamiaji wakichoma misitu na kusonga mashariki. Wengine wakasema moto huu ni wa madhabahu, na kinachosonga ni ibada: wafalme wa Videha walitaka heshima, wakaalika makuhani wa magharibi, kisha wakahitaji hadithi ya kuhalalisha ardhi ambayo zamani ilionwa najisi. Mimi naegemea upande wa pili, ila sentensi zile za mwisho, za chepechepe na kulimwa, naziamini kama zilivyo. Mwandishi hakuzihitaji kwa muujiza wake. Alizitaja kwa kuwa wasikilizaji wake waliona kwa macho nchi ilivyobadilika.

Nipite upesi kwenye ushahidi mdogo wa karne za baadaye, kwa sababu udogo wake ndio uzuri wake. Yaska anasema, akifundisha etimolojia, kwamba kitenzi *śavati* kwa maana ya kwenda hutumiwa na Wakamboja peke yao. Wakamboja waliishi kaskazini-magharibi, upande wa Afghanistan. Na *śavaiti* kwa maana hiyo ni kitenzi cha Avesta, cha Kiirani. Kitenzi kimoja kinatuambia Wakamboja walikuwa wasemaji wa lugha ya Kiirani, wakati Manusmriti, kitabu cha sheria za Kihindu, katika sura ya kumi, inawaweka Wakamboja, Wayavana yaani Wagiriki, Washaka na Wapahlava katika fungu moja la wapiganaji wa Kihindu walioanguka daraja kwa kuacha ibada. Manusmriti ina nia ya kumpa kila mgeni nafasi katika ngazi yake, kwa hiyo nasaba zake zisadikiwe polepole. Yaska hana nia yoyote zaidi ya kitenzi.

Mwanasarufi Patanjali naye, karibu 150 kabla ya Kristo, anapofundisha njeo ya kitenzi inayotumika kwa tukio ambalo msemaji hakulishuhudia lakini angeweza kulishuhudia, anatoa mfano: Myavana aliuzingira mji wa Saketa. Mfano wa sarufi umetupa uvamizi wa Wagiriki kaskazini mwa India, tena na dokezo kwamba ulitokea katika uhai wake.

Na kwenye mwamba wa Junagadh, Gujarat, kuna maandishi ya mwaka 150 baada ya Kristo, ya kwanza marefu ya nathari katika Kisanskriti safi. Yanahusu kukarabati bwawa lililopasuliwa na dhoruba. Mfalme aliyeyaandikisha ni Rudradaman, Mshaka, wa ukoo uliotoka Asia ya Kati. Ofisa aliyesimamia ujenzi ni Suvishakha, Mpahlava. Na yanamtaja gavana wa zamani wa enzi ya Ashoka, mfalme mkuu wa kale wa India, Myavana aitwaye Tushaspha, mwenye jina la Kiajemi. Hawa ndio Manusmriti inawaita walioanguka. Hapa wanaandika Kisanskriti bora kuliko wafalme wenyeji wa wakati wao, na wanatengeneza bwawa.

Mwaka 2019 zilitoka tafiti mbili za vinasaba zilizobadili mazungumzo. Ya kwanza, ya Vagheesh Narasimhan na wenzake, ilitumia mabaki ya watu 523 wa kale, ikaonyesha kwamba watu wenye asili ya nyika za Eurasia waliingia Asia ya Kusini kati ya 2000 na 1500 kabla ya Kristo. Ya pili ilisoma vinasaba vya mwanamke mmoja wa Rakhigarhi, mji wa Harappa, aliyepatikana baada ya kujaribu sampuli zaidi ya 60, na haikukuta kwake asili hiyo ya nyika. Tarehe zinalingana na zile ambazo wanaisimu walikuwa wamekwisha pendekeza kwa kufuata mito, farasi na Mitanni. Kwangu swali kama wahamiaji waliingia limejibiwa. Lakini mfupa hausemi lugha, na wanasayansi wenyewe hupata mchanganyiko, ndoa na vizazi vingi, wala hawapati jeshi la Indra. Katika India ya leo wapo wanaokana uhamiaji wowote ili Waveda wawe wenyeji wa milele, na wapo wanaoutumia kuwaambia Wahindi wenzao kwamba ni wageni. Pande zote mbili zimeshika rula ya Risley.

Nimalizie na sentensi tunayoweza kuisoma pamoja kabla ya maswali. Iko katika Baudhayana Shrautasutra, kitabu cha kanuni za ibada, 18.44. Ayu alikwenda mashariki. Watu wake ni Wakuru-Panchala na Wakashi-Videha. Kisha: magharibi Amavasu, watu wake ni Wagandhari, Waparshu na Waaratta. Sentensi ya pili haina kitenzi. Mwanazuoni wa Kisanskriti Michael Witzel aliisoma mwaka 1995 kwamba Amavasu alibaki magharibi, kwa hiyo Ayu ndiye aliyehama kutoka huko. Wapinzani wakasema kitenzi cha sentensi ya kwanza kinaendelea, kwa hiyo ndugu wawili walitawanyika kutoka katikati, mmoja huku na mmoja kule, na wakaona hapo ushahidi kwamba watu walitoka India kwenda magharibi. Kisarufi, usomaji wa kitenzi kuendelea ndio mwepesi zaidi. Lakini hata tukiukubali, mwandishi anazungumzia nchi za kati ya Gandhara na Bihar, katika karne alizozijua yeye, na anasema kwamba Wagandhari wa magharibi na Wavideha wa mashariki ni watoto wa ndugu wawili. Kuhusu nani alitoka bara gani miaka elfu moja kabla yake, Baudhayana hakuulizwa, naye hakusema.

Karibuni kwa maswali.